Nyuki wakikataana: utatuzi wa matatizo ya harufu mzingani, na kwa majimoto pia

Simu ninazopigiwa na wafugaji wenzangu, kuanzia Maramba hadi kule Mkwaja, mkoani Tanga, karibu zote huanza kwa neno moja: wameuana. Nimeunganisha makundi mawili, wameuana. Nimewapa malkia mpya, wamemuua. Nimehamisha majimoto, wale chungu wanaojenga viota vya majani mitini, kutoka mwembeni kwenda kwenye minazi, asubuhi chini ya mnazi pamejaa maiti. Mtu hudhani nyuki wake ni wa mbegu mbaya. Mara chache ndivyo ilivyo. Mara nyingi ni sisi tuliowafanya wawe wageni kwa wenzao, tena kwa siku moja, kwa kuwa hatukujua wanatambuana kwa kitu gani.

Wanatambuana kwa harufu. Mwili wa nyuki umepakwa utando mwembamba wa mafuta, na kila mzinga una mchanganyiko wake. Mlinzi wa mlangoni humgusa anayeingia kwa vipapasio, akalinganisha na harufu aliyoizoea nyumbani. Ikifanana, pita. Isipofanana, anadakwa mguu au bawa na vurugu inaanza. Harufu hiyo haitokani na uzazi peke yake. Nta ya masega inaichangia sana, chakula kinaichangia, na hata vijidudu vya tumboni vimo: mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, walionyesha kwamba nyuki waliopewa bakteria tofauti wa utumbo walitoka na harufu tofauti na wakachukuliana kama wageni. Nyuki aliyetoka kwenye sega leo hana harufu yoyote ya maana bado, ndiyo maana hupokelewa kila mzinga. Shika hilo la mwisho. Tutalitumia.

Dalili ya kwanza: vita mlangoni

Kabla ya kusema ni vita, simama pembeni dakika kumi utazame. Alasiri nyuki wadogo hutoka wengi wakaelea mbele ya mzinga, nyuso zao zikiuelekea mlango. Hao wanajifunza nyumba yao, waache. Vita ni nyuki wawili waliokumbatiana wanabiringika chini, mmoja amekunja tumbo anatafuta pa kuchoma.

Sababu inayoongoza ni wizi wakati wa njaa. Kiangazi cha Januari na Februari, maua yakiisha, mzinga wenye nguvu huuvamia ulio dhaifu. Walinzi nao hubadilika kwa msimu: michungwa ya Muheza ikichanua na kila mtu ameshiba, huwa walegevu na mgeni mwenye mzigo hupita bila maswali, chakula kikiadimika wanakagua kila mtu. Mwizi anajulikana. Mara nyingi ni mweusi wa kung'aa, manyoya yamekwanguka kwa kujipenyeza, anazunguka nyuma ya mzinga akitafuta ufa, na akitoka anatoka mzito. Sakafuni utakuta chengachenga za nta, maana mwizi hupasua vifuniko vya asali kwa pupa.

Ukitaka kujua wezi ni wa nani, wanyunyizie unga kidogo wa ngano wanapotoka, kisha kazungukie mizinga yako mingine uone weupe unaingia wapi. Mimi niliwahi kumlaumu jirani wiki nzima kabla ya kufanya hivyo. Wezi walikuwa wa mzinga wangu mwenyewe, hatua kumi na mbili kutoka pale.

Anza na dawa nyepesi. Ziba matundu ya kuingilia uache moja tu, la kupita nyuki mmoja au wawili, ili walinzi wachache waweze kulilinda. Ziba nyufa kwa udongo au nta. Usimwage asali wala usiache masega wazi kwenye manzuki (pale mizinga ilipo), na kama unalisha maji ya sukari, weka jioni ndani ya mzinga. Wizi ukiwa umeshapamba moto, tandaza kitambaa kilichololoa mbele ya mlango. Wenyeji hupata njia pembeni, wezi huchanganyikiwa. Ikishindikana, uhamishe ule dhaifu mbali usiku.

Sababu ya pili ni mizinga kupangwa kwenye mstari mmoja, yote ya rangi moja, yote inatazama upande mmoja, kama vibanda vya gulio. Nyuki akirudi anakosea nyumba, hasa upepo wa kusi ukimsukuma. Geuza milango itazame pande tofauti, paka alama za rangi, achanisha.

Sababu ya tatu, isiyotokea mara nyingi lakini huku Afrika ipo: kundi dogo lililohama linakuja na malkia wake kuteka mzinga wa watu. Utaona bonge la nyuki limeng'ang'ania nje ya mzinga, karibu na mlango, kama kishada. Likusanye jioni ulitie kwenye mzinga mtupu ulionusishwa mchaichai, maana harufu ya mchaichai inafanana na ile nyuki wanayoitoa wenyewe kuitana. Umepata kundi la bure.

Simama hapa na utafute msaada ukiona maiti wengi lakini hakuna anayepigana, wanatambaa na kutetemeka, ndimi zimetoka nje. Hiyo ni dalili ya sumu, inaelekea mtu kapuliza dawa shambani maua yakiwa wazi. Kusanya wafu kwenye mfuko safi na umwone afisa nyuki wa halmashauri siku ileile. Usirine asali ya mzinga huo.

Dalili ya pili: umeunganisha makundi mawili, asubuhi ni mazishi

Hili ndilo kosa langu, kwa hiyo nitakaa nalo.

Nilikuwa na mizinga miwili dhaifu njia ya Pangani. Nikafungua mmoja saa kumi na moja jioni, nikachukua masega na nyuki wake wote, nikayapanga ndani ya mwingine, nikafunika, nikaenda kuswali magharibi nikiwa nimejiona fundi. Alfajiri nilisikia kimya kabla sijaona kitu. Mbele ya mlango palikuwa na rundo la kujaa beseni. Wengine walikuwa bado wamekamatana, taya ya huyu kwenye bawa la yule, na waliokuwa hai walikuwa wanaburuta maiti mmoja mmoja mpaka ukingoni na kuwaangusha. Ami yangu, aliyefuga kwa mizinga ya magogo maisha yake yote, alichungulia akasema, "Mwanangu, umewaoza bila posa."

Basi sababu, kwa mpangilio wa jinsi ninavyozikuta:

Hawakupewa muda wa kuchanganya harufu. Dawa yake ni gazeti. Kwenye mzinga wa masanduku, ondoa mfuniko wa kundi moja, tandika karatasi moja ya gazeti, toboa vitundu vichache kwa msumari, kisha weka sanduku la kundi la pili juu yake. Kwenye mzinga wa viunzi, ibane karatasi wima iwe ukuta kati ya masega ya huku na ya kule, isiache upenyo wowote pembeni wala chini, na kila upande uwe na pa kupumulia. Watalitafuna taratibu kwa siku mbili hadi nne, na wanapolitafuna hewa ya huku na ya kule inakuwa moja. Wakikutana uso kwa uso, hakuna mgeni. Utajua kazi inakwenda ukiona nyuzinyuzi za karatasi zimetupwa mlangoni. Usifungue kabla ya wiki. Najua hamu inavyosumbua.

Malkia walikuwa wawili. Hata harufu ikipatana, malkia hawapatani, na vita vyao vinaweza kukuachia mmoja aliyejeruhiwa. Mtafute aliye dhaifu umwondoe siku moja kabla.

Gazeti lilikuwa nene, au halikutobolewa, wakakosa hewa. Karatasi moja inatosha. Niliwahi kuona mtu ametumia katoni ya sabuni. Joto la Tanga halina huruma. Nyuki wa upande uliofungwa walikufa wamelowa.

Mizinga ilikuwa mbali kidogo, si karibu si mbali. Nyuki wazima wameshakariri mahali, si sanduku. Ukiuhamisha mzinga hatua hamsini, wakitoka asubuhi hurudi kule kwa zamani na kurandaranda. Kanuni ya wafugaji ni kusogeza futi tatu kwa siku, au kuuhamisha kilomita tano na zaidi kwa mara moja.

Kuna wanaonyunyizia makundi yote mawili maji ya sukari yenye mchaichai na kuwachanganya palepale. Inafunika harufu kwa muda mfupi na wanajishughulisha kulambana. Kwa makundi madogo, maua yakiwa mengi, nimeona imefaulu. Kiangazi usijaribu.

Na kama shida yako ni mzinga mmoja dhaifu tu, pengine huhitaji kuunganisha. Chukua sega moja lenye majana (watoto wa nyuki) yaliyozibwa, yanayokaribia kutoka, kutoka mzinga wenye nguvu. Pangusa nyuki wazima wote warudi kwao, kisha litie sega hilo kwenye mzinga dhaifu. Watakaozaliwa hawana harufu ya watu, watapokelewa kama wenyeji. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, maana haina damu.

Ila kabla ya kuhamisha sega lolote, chunguza majana. Yakiwa yamezama, yamekuwa ya kahawia na yananuka, chomeka njiti ya kiberiti kwenye kijumba kimoja na uivute polepole. Ikitoka na uzi unaovutika kama gundi, funga mzinga, usihamishe kitu, osha vifaa, ita afisa nyuki. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa majana unaosambazwa na mfugaji mwenyewe kwa masega yake.

Dalili ya tatu: malkia amekataliwa

Unamkuta amezungirwa na nyuki, bonge la ukubwa wa limau, wamembana mpaka apate joto afe. Ukiwahi, dondosha bonge zima kwenye bakuli la maji, wataachiana, umwokote.

Angalia kwanza kama hawana malkia tayari. Hii ndiyo sababu ya kawaida kabisa, na ni aibu kidogo. Mtu haoni malkia, anaamua hayupo. Tafuta mayai: yai moja kwa kila kijumba, limesimama katikati ya sakafu yake, maana yake malkia yupo au alikuwepo siku tatu zilizopita. Tafuta pia vijumba vya malkia vinavyoning'inia kama maganda ya karanga. Vikiwepo, wameshachagua wa kwao.

Pili, amefunguliwa mapema. Mtie kwenye kizimba cha wavu. Huku wengi tunatumia rola ya nywele, ile ya plastiki yenye matundu, na inafaa sana. Ziba mdomo wake kwa donge la sukari laini iliyokandwa na asali ya mzinga huohuo. Mning'inize katikati ya masega. Baada ya siku tatu chungulia: nyuki waliong'ang'ania wavu kiasi cha kutopangusika kwa kidole bado wana hasira, wanaotembeatembea juu yake na kumlisha kupitia matundu wameshamkubali.

Tatu, mzinga umekaa bila malkia hadi vibarua wameanza kutaga. Hapo utakuta mayai mawili, matatu, hata zaidi kwenye kijumba kimoja, mengine yamebandikwa ukutani, na majana ya madume yamevimba kwenye vijumba vya vibarua. Kwa nyuki wetu hali hii inakuja haraka, ndani ya wiki chache. Kundi la namna hiyo linajiona lina malkia, kwa hiyo kila malkia utakayempeleka ni mgeni. Wape sega la majana machanga kila wiki kwa wiki tatu hivi, maana harufu ya majana hai inawazuia vibarua kutaga, kisha ndipo ujaribu. Au lipukutishe kundi mbali na uachane nalo. Mimi siku hizi nalipukutisha.

Na usilete nyuki kutoka nchi nyingine kwa sababu umesikia ni wapole. Afrika Kusini, mwaka 1990, wafugaji walihamisha nyuki wa Rasi, wa kusini mwa nchi hiyo, kwenda kaskazini walikoishi nyuki wa jamii kama yetu. Kibarua wa Rasi hutaga mayai yanayozaa majike bila dume na harufu yake inakaribia ya malkia. Walinzi walidanganyika. Makundi kwa maelfu yaliangamia.

Dalili ya nne: kuna mgeni ndani na hakuna anayemfukuza

Nondo mkubwa mwenye picha kama fuvu mgongoni huingia usiku kunywa asali, na mwili wake una mafuta yanayoshabihi ya nyuki, ndiyo maana anapita. Mmoja hana madhara ya maana; punguza mlango. Mbawakavu wadogo weusi ni tabu zaidi: nyuki huwafungia pembeni kwa gundi yao, na mbawakavu humpapasa mlinzi mdomoni hadi amlishe kama ndugu. Usivunje vizuizi hivyo vya gundi unaposafisha mzinga. Kundi lenye nguvu litawamudu.

Dalili ya tano: wote wamekuwa wakali ghafla

Nusa. Kuna harufu ya ndizi mbivu? Hiyo ndiyo harufu ya hatari inayotoka kwenye mwiba. Nyuki mmoja akichoma, amekupaka alama, na wengine huifuata. Kwa hiyo usile ndizi kabla ya kufungua mzinga, kwangua mwiba mara tu uchomwapo, na fukiza moshi pale palipochomwa. Glovu zenye miiba ya mwezi uliopita zifuliwe.

Funga mzinga na uondoke, hakuna ushujaa hapa, kama aliyechomwa amevimba midomo au uso ilhali alichomwa mkononi, amepata vipele mwili mzima, anapumua kwa shida au anaona kizunguzungu. Hospitali, mara moja, hata kama ni mwiba mmoja. Na kundi kali likiwa karibu na shule, msikiti au njia ya watu, usilishughulikie peke yako mchana. Afisa nyuki, usiku, na vazi kamili.

Dalili ya sita: majimoto uliowahamisha wametoweka

Wakulima wa minazi wanajua thamani ya majimoto. Wanamla yule mdudu mfyonzaji anayefanya vidaka na vitale vitoe utomvu na kuanguka kabla havijawa dafu. Tatizo ni pale mtu anapokusanya viota vya majani kutoka miti mitano na kuvitundika kwenye mnazi mmoja.

Kundi moja la majimoto lina malkia mmoja na linaweza kukaa kwenye miti mingi, kiota hiki hapa, kingine kule. Kwa hiyo viota viwili vya miti miwili vinaweza kuwa ndugu, na viota viwili vya miti iliyogusana vikawa maadui. Huwezi kujua kwa macho. Kipimo chake ni rahisi: kata jani dogo lenye chungu watano au sita wa kiota cha kwanza, liweke kwenye tawi la kiota cha pili, ukae utazame. Ndugu hugusana vipapasio na kupita. Maadui utawaona papo hapo: mmoja anadakwa, huyu anavuta mguu wa kushoto, yule wa kulia, hadi anatandazwa kama ngozi ya mbuzi juani. Kama ni maadui, usiwaweke pamoja.

Sababu ya pili ya kutoweka ni kukosa malkia. Umechukua viota sita, yeye alikuwa kwenye cha saba, juu kabisa. Wataishi miezi kadhaa wakipungua. Chukua viota vingi uwezavyo vya kundi hilo moja, asubuhi na mapema au jioni chungu wakiwa wamelala ndani, kwenye gunia lililofungwa barabara.

Ya tatu iko ardhini: sisimizi wadogo wa kahawia, baadhi yao wana vichwa vikubwa visivyolingana na miili. Hao ni adui wa jadi wa majimoto na huwafukuza mnazi kwa mnazi. Kagua shina kabla ya kutundika. Funga kamba kutoka mnazi hadi mnazi ili majimoto wapite juu, panda michungwa au miembe katikati, na usifyeke shamba hadi ardhi ibaki tupu, maana utupu huo unawafaa sisimizi zaidi. Chambo cha sumu ni cha kuulizia kwa afisa ugani kwanza. Ukikosea unaua majimoto wenyewe.

Dalili ya saba: mstari kwenye sahani ya agari

Hii ni ya watu wa maabara, na nimeiongeza kwa ajili ya wifi yangu, aliyenicheka niliposema kutambuana ni mambo ya nyuki. Bakteria wa Proteus hutambaa juu ya agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, kwa mawimbi, pete ndani ya pete. Ukiotesha sampuli mbili kwenye sahani moja na zikakutana, ama zinaungana kama maji, ama unabaki mpaka mwembamba kati yake. Louis Dienes aliueleza mpaka huo mwaka 1946. Mpaka ukionekana, aina zilizopo ni mbili, hata kama zote zinaitwa kwa jina moja. Usipoonekana, huenda ni aina moja, na wagonjwa hao wawili huenda wameambukizwa kutoka chanzo kimoja.

Kama hawatambai kabisa, angalia umeotesha juu ya nini kabla ya kulaumu sampuli: agari ya MacConkey na ya CLED huwazuia kutambaa. Tumia ya damu, isiwe imekauka. Mpaka peke yake ni fununu, kwa hiyo mpelekee mkuu wa maabara kabla hujaandika kitu kwenye fomu ya mgonjwa. Na sahani usiifungue ili kuinusa, hata kama umetoka mzingani na pua imezoea kazi.